Kupunguza vitu nyumbani Goma: mwongozo kamili wa kutoa bila kujuta

Nyumba za Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hazijai kwa sababu wenyewe ni watu wa anasa. Zinajaa kwa sababu kitu, hapa kwetu, kimepewa kazi ambayo kwingine inafanywa na pesa au karatasi. Sufuria kubwa zilizopangana juu ya kabati ni akiba. Godoro la ziada lililosimamishwa ukutani ni chumba cha wageni. Kitenge kisichokatwa kinangoja harusi ya mtu. Na lile sanduku la bati nyuma ya mlango wala si lako: ni la shemeji aliyekimbia vita kutoka Rutshuru akasema atapita kulichukua.

Kwa hiyo ule ushauri unaozunguka mitandaoni, kwamba kitu usichokigusa mwaka mzima ukitupe, haufai hapa kama ulivyo. Mama ambaye lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita juu ya nyumba yake, akaanza upya kwa sahani za kupewa, ana sababu nzuri ya kushikilia sahani zake. Lakini nyumba ya mbao yenye vyumba viwili na watu wanane nayo ina kikomo chake. Panya wanapata maficho, nguo zinaota ukungu, na moto ukizuka usiku njia ya kutokea imezibwa.

Ninachopendekeza ni hiki: usijiulize kama unakipenda kitu. Jiulize kinafanya kazi gani, kisha ile kazi uitafutie mahali pengine. Akiba igeuke kitu kisichoshuka bei, deni lilipwe, kumbukumbu ipigwe picha. Kazi ikishahama, kitu chenyewe kitatoka bila ugomvi.

Hatua ya 1: Zungumza na wenye vitu

Anza na vyako mwenyewe, tena mbele ya watu wote wa nyumba waone. Usiuze kitu cha mtu akiwa kazini. Mume akirudi akakuta redio ya marehemu baba yake imeshapelekwa sokoni Birere, zoezi lote limekufa hapo, na hutapata ruhusa ya kugusa hata kijiko.

Kwa wazee, neno "kutupa" lisitoke mdomoni mwako. Mazungumzo na mama mkwe huenda hivi:

— Mama, termosi hizi nne, mbili hazishiki joto tena. Tufanye nazo nini?

— Ziache, binti yangu. Siku ya matanga utazitafuta.

— Siku ya matanga, Mama, chai itapoa humo mbele ya wageni. Je, nikizitoa hizi mbili tukaongeza kidogo, tukapata moja nzima?

— Kama ni kubadilisha, sawa.

Mzee akiona vibovu viwili vimezaa kizima kimoja, kesho yake anakuletea vingine mwenyewe. Watoto ni rahisi zaidi: kila mmoja na katoni yake, kisichoingia kinatafutiwa mtoto mwingine.

Hatua ya 2: Tenga kwanza visivyoguswa

Watu wengi huanza na cha kutoa. Anza na cha kubaki, maana ukishajua kwamba vya lazima viko salama, mkono unalegea kwa vingine.

Weka pembeni ambavyo ungebeba leo usiku kama ingebidi. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Asubuhi ya tarehe 27 Mei ikaja amri ya kuhama kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji, na barabara ya Sake, mpaka wa Gisenyi na boti za Bukavu vikajaa watu. Amri kama ile haikupi muda wa kutafuta diplome chini ya rundo la nguo. Mfuko mmoja wa plastiki mgumu, ndani ya begi moja la mgongoni, uwe na karatasi hizi: kadi za mpiga kura, ambazo ndizo kitambulisho cha wengi wetu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za chanjo, diplome za Leta (za serikali), cheti cha ndoa, na karatasi zote za parseli, yaani kiwanja.

Kuhusu parseli, hapa niko mkali: usitupe karatasi hata moja. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, hati yenye nguvu ni certificat d'enregistrement (cheti cha usajili wa ardhi), na wengi wanaoishi kwenye parseli zao hawajaipata. Kwa mtu wa namna hiyo, fishi ya parseli, mkataba wa kununua wenye sahihi za mashahidi, hata risiti iliyokunjika ya miaka iliyopita, ndio ushahidi alionao. Piga picha za karatasi zote na uzitume kwa ndugu anayeishi mji mwingine, kwa sababu picha zikibaki kwenye simu yako peke yake zitapotea pamoja na simu. Zinazoweza kutoka ni bili zilizolipwa zamani, daftari za shule zilizojaa (baki na buletini), na vikaratasi vya maduka.

Bidoni pia usiziguse, isipokuwa zilizopasuka. Mwongozo ulioandikwa na mtu mwenye bomba linalotoa maji usiku na mchana utakuambia bidoni sita ni nyingi. Mwache alivyo. Kipimo cha chini ambacho mashirika ya misaada hutumia ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na watu wanane ni lita 120, yaani bidoni sita za lita 20 kwa siku moja tu, bila akiba yoyote ya siku ambayo maji hayaji.

Hatua ya 3: Kona moja, siku moja

Mtu mwenye chumba kimoja cha kulala hawezi kumwaga nyumba yote chini. Jioni watu watalala wapi? Chagua kona moja asubuhi, iishe kabla ya giza. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri kwa sababu unaweza kutandika turubai au shitingi uani bila kukimbizana na mvua. Safisha kwanza lile vumbi jeusi la mawe ya lava mahali utakapotandika, vinginevyo nguo zitarudi ndani chafu kuliko zilivyotoka.

Kila kitu kinachotoka kiingie kwenye lundo moja kati ya haya: kazi, akiba, deni, kumbukumbu, uchafu. Kazi ni kile kilichotumika mwezi huu au kina msimu wake unaojulikana. Akiba ni kile unachokiweka kwa ajili ya thamani yake. Deni ni cha mtu mwingine, au ulichoahidi kumpa mtu. Kumbukumbu inajieleza. Kitu kikikushinda kukipa jina, muulize mtoto wa miaka kumi kinafanya nini hapa, huwa wanajua.

Anza chini ya kitanda. Ndiko vilipo vitu ambavyo hakuna atakayevilia: viatu vya mguu mmoja, chaja zisizo na simu, mbabula (jiko la mkaa) uliotoboka kitako, mabaki ya rangi. Utapata ushindi wa haraka. Ukiwa hapo, chunguza nyufa za mbao za kitanda. Kama kuna kunguni, usihamishe kitu chochote cha kitambaa kwenda chumba kingine wala kwa jirani. Vinavyofulika vichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, nyufa zimwagiwe maji hayohayo. Jua la Goma lenye mawingu halitoshi kuwaua.

*Jikoni.* Panga sufuria kwa jinsi mnavyokula, si kwa jinsi mlivyokula siku ya harusi. Familia inayopika fufu (ugali), sombe (majani ya muhogo) na maharagwe inahitaji ya fufu, ya mboga, ya maharagwe, ya chai, na moja ya dharura. Zile kubwa za sherehe tutazirudia mwishoni. Vifuniko visivyo na sufuria, sahani za plastiki zilizokwaruzika hadi zinashika harufu, vikombe visivyo na mkono: uchafu.

Chakula nacho ni mzigo, ingawa watu hawakihesabu. Maharagwe yanayokaa muda mrefu penye joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi, na yale uliyonunua kwa bei nafuu wakati wa mavuno unayalipia tena kwa makala, yaani mkaa. Nunua ya mwezi au miwili. Kama lazima uweke zaidi, chukua bidoni kavu kabisa, jaza maharagwe makavu hadi mdomoni, kaza kifuniko: wadudu wanakosa hewa. Haitayafanya yawe laini, lakini hayatatobolewa. Unga wa muhogo wenye harufu ya ukungu usiuchanganye na mpya ili "usipotee". Unakuwa umepoteza wote.

*Nguo.* Hapa ndipo nyumba nyingi zinapolemewa, na chanzo ni sherehe. Kila harusi na kitenge chake, kila kwaya na chake, kila tarehe 8 Machi na chake. Tofautisha kilichokatwa na kisichokatwa. Kitenge kizima cha yadi 6 ni pesa, kinauzika siku yoyote na kinakubalika kama zawadi. Weka kwenye akiba. Libaya (blauzi ya kitenge) lililoshonwa kwa kipimo chako, lenye picha ya maharusi mgongoni, halina mnunuzi. Fumua, upate mbeleko, mito au pazia la dirisha la jikoni. Ukibaki na moja unayoipenda kutoka kila ukoo, wa kwenu na wa ukweni, inatosha kuonyesha kwamba ulikuwepo.

Nguo za watoto zina bahati moja: sare ya shule kwetu ni buluu na nyeupe karibu kila mahali, kwa hiyo shati lililombana wako linamfaa mtoto wa shule nyingine kabisa. Zitoe Agosti, kabla ya masomo kufunguliwa Septemba. Januari utamkuta kila mtu ameshanunua. Nguo za balo (mitumba) ulizonunua kwa sababu bei ilikuwa ya chini na hujazivaa hadi leo, hazitavaliwa. Balo nyingine zinafunguliwa kila wiki. Huna haja ya kuweka ghala lake nyumbani.

*Saloni.* Makochi makubwa yaliyojaza chumba hadi mlango haufunguki vizuri ni suala la heshima ya nyumba, na sitaligusa zaidi ya kusema hivi: mgeni anayeruka meza ili akae hajaheshimiwa. Vyombo vya umeme vilivyokufa vipewe wiki moja. Fundi aseme bei. Ikizidi nusu ya bei ya kununua kingine kilichotumika, muuzie yeye kama spea. Vitabu: muulize mwalimu wa karibu.

*Parseli.* Mabati kuukuu, mbao, nondo, matofali ya "tutajenga". Bati lililotolewa darini limeshaliwa na kutu, na moshi wa Nyiragongo unaofanya mvua kuwa na tindikali hausaidii. Kila mwaka linalokaa nje linapoteza bei. Kama ujenzi hauna tarehe, uza. Mbao zilizoegeshwa kwenye ukuta wa nyumba ya mbao, karibu na jiko, ni hatari ya moto kwako na kwa avenyu (barabara ya mtaa) nzima.

Hatua ya 4: Vitu vya watu

Katika mji ambao watu wa teritwari jirani za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo wamekimbilia mara nyingi, karibu kila nyumba inalinda mzigo wa mtu. Hili ndilo lundo gumu kuliko yote, na usilikwepe, kwa sababu mara nyingi ndilo kubwa.

Fungua mzigo mbele ya shahidi anayekubalika na pande zote mbili, andika kilichomo, piga picha kimoja kimoja. Mara nyingi utakuta nusu imeshaoza, na ni vizuri mwenyewe ajue sasa kuliko siku ya kurudi akadhani umebadilisha. Halafu mpigie: "Yaya, mzigo wako uko salama, lakini panya wameanza. Nikuuzie nikutumie pesa, nimpe mtu wako aliye hapa, au utakuja?" Akichagua kuuza, mtumie bei uliyopata pamoja na picha, na pesa ziende kwa M-Pesa au Airtel Money siku hiyohiyo. Makato ya kutuma mkubaliane kabla.

Asipopatikana kwa simu, usijipe uamuzi. Tafuta mkubwa wa upande wake, shangazi au baba mdogo, mzigo uhamie huko au aseme neno mbele ya watu. Mwenyewe akiwa amefariki, warithi waitwe kwanza. Hata sufuria moja inaweza kuwa kesi. Na wewe ulichoazima, kirudishe wiki hiihii. Utashangaa ni vingi kiasi gani.

Hatua ya 5: Akiba isiyokuibia

Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango na wenye akaunti wakabaki nje. Ukimwambia mtu baada ya hapo auze vitu vyote aweke pesa, atakucheka. Akiba ya vitu ina maana yake. Shida ni kwamba tunaweka vitu vya namna mbili kwenye rafu moja.

Kuna vinavyoshuka bei huku vikiwa vimekaa tu: simu, televisheni, magodoro ya sponji, makochi ya kitambaa, nguo zilizoshonwa, viatu. Hivi si akiba. Uza sasa, hata kwa bei isiyokufurahisha, kwa sababu ya mwaka ujao itakuudhi zaidi. Na kuna vinavyoshikilia: cherehani ya miguu, zana za fundi, mabati mapya, vitenge visivyokatwa, mtungi wa gesi, sufuria nene za aluminiumu, ambazo hata zikitoboka zina bei kwa wanaoyeyusha. Baki na hivi, lakini viwe na mpaka unaoonekana: sanduku moja, rafu moja. Kikiingia kipya, kimoja kinauzwa.

Vidogo viuze kwenye statusi ya WhatsApp kwanza. Mtu anayekujua hapunguzi bei kama wa sokoni. Vikubwa na vya chuma peleka Birere au soko la Virunga. Ukodi chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) mmoja pamoja na majirani wawili, mkubaliane bei na msukumaji kabla hajafunga kamba. Ukipokea dola, nyoosha noti uitazame kwenye mwanga: iliyochanika kidogo tu pembeni utakataliwa kesho, na aliyekupa hutamwona tena. Simu unayoiuza itoe laini na kadi ya kumbukumbu, futa kila kitu, hakikisha akaunti yako ya pesa haijabaki humo.

Pesa zikipatikana zipe kazi jioni hiyo: lipa deni, ingiza kwenye likelemba (mchango wa kupokezana) ya watu unaowajua, au ziwe mtaji wa makala ya rejareja. Zikilala kwenye mkoba zitarudi nyumbani zikiwa vikombe.

Hatua ya 6: Kugawa

Aliyekimbia vita si jalala. Kinachogawiwa kifuliwe, kishonwe kifungo, kijaribiwe kama kinafanya kazi. Usimpe mtu godoro lenye kunguni ukamshukuru Mungu kwa nafasi uliyopata. Uliza kwanza anahitaji nini. Mama mwenye watoto wanne kwenye chumba cha kupanga anahitaji sufuria moja nzima na bidoni mbili, siyo katoni ya sanamu za kuchezea ambayo hana pa kuiweka. Mpe faragha, si mbele ya avenyu, na usipige picha.

Hatua ya 7: Visivyogawiwa wala kuuzwa

Dawa zilizopitwa na wakati, sirapu zilizofunguliwa, nusu ya dozi ya antibiotiki: zipeleke kituo cha afya au famasi wazipokee. Usimpe jirani. Betri usizichome wala usizitumbukize chooni, kwa sababu maji yetu yanapenya kwenye mawe haya kirahisi. Betri ya simu iliyovimba iwekwe kwenye kopo la mchanga mkavu nje, mbali na ukuta wa mbao. Petroli na mafuta ya taa yaliyosahaulika kwenye chupa za soda yatoke kwanza kabla ya yote, leo kama inawezekana.

Hatua ya 8: Mlango wa kuingilia

Kupunguza hakudumu kama mlango uko wazi. Kwenye familia mnayochangiana vitenge, pendekezeni rangi badala ya kitambaa maalumu: "kila mtu aje na buluu yake." Wapo watakaonung'unika, hasa wanaopenda kupigwa picha. Zawadi za harusi ziwe bahasha. Ndugu akiomba kuacha mzigo, mkubali kwa masharti mnayoyasema siku ileile: mzigo wa ukubwa gani, hadi lini, na nani atauchukua asiporudi.

Zile sufuria za sherehe tulizoziacha pembeni? Hakuna sababu kila nyumba ya avenyu iwe na sufuria ya kupikia watu mia. Nyumba tano au sita zikubaliane: mbili kubwa, mwiko wake, sahani za dazeni kadhaa na termosi nzuri, vyote vikae kwa mmoja mwenye nafasi kavu. Vinaandikwa kwenye daftari vikitoka, vinahesabiwa vikirudi, na vinarudi vimeoshwa. Anayevunja analipa, anayetoboa anampelekea fundi. Mkishakubaliana, zile nyingine uzeni kwa pamoja siku moja. Mnunuzi wa aluminiumu hutoa bei nzuri zaidi kwa mzigo mkubwa.